Jibu la Kwanza

Mimi nina hasira za karibu na sifichi. Nimewahi kuizaba printa kofi mbele ya wageni, na nimewahi kumwambia bosi wangu, mtu mzima mwenye mvi, kwamba akigusa tena ule waya nitarudi kwetu Koboko nikauze mihogo. Mtu anayenijua hivyo hudhani kosa kubwa la maisha yangu lilitokana na hasira. Laiti lingekuwa hivyo. Lilitokana na adabu.

Nimezaliwa Koboko, mji mdogo wa mpakani na Sudan Kusini, binti wa askari. Kiswahili cha nyumbani kwetu kilikuwa cha kambini, cha "iko" na "hapana iko", na hiki ninachoandikia nilikipata baadaye nilipokwenda kusomea kompyuta Tanzania, ambako walinicheka mwaka mzima. Niliporudi nilipata kazi Arua, katika ofisi ndogo inayowatafutia watu wa Sudan Kusini ndugu zao waliopoteana nao njiani. Ni kazi ya picha na majina. Mama anakuja na picha ya mtoto, sisi tunaihifadhi na kusambaza maelezo kwenye ofisi nyingine, picha yenyewe haitoki hadi iombwe, kisha tunangoja. Mara nyingi tunangoja tu.

Nyuma ya ofisi ya Arua, katika chumba kisicho na dirisha, ndipo ilipo stoo. Ndivyo tunavyoiita: sanduku la chuma lenye diski kumi na mbili, na kila kitu chetu kimo humo. Ofisi yetu ya Koboko, yenye meza mbili na kompyuta moja, huiletea stoo picha zake kwa njia ya mnara wa simu. Mazungumzo ya mashine hizo mbili ni mepesi. Koboko inatuma kipande cha picha, stoo inajibu: nimepokea, hali nzuri. Koboko inatuma kingine, inajibiwa tena: nzuri. Kipande kikikosa jibu, kinatumwa upya. Mara chache sana stoo hutoa jibu la namna nyingine: ngoja, nimezidiwa, au diski yangu moja inaumwa, au sikiliza kwanza, kuna jambo limenipata. Ikishatamka hivyo, ni juu ya aliyeuliza kujua la kufanya.

Niliitengenezea kompyuta ya Koboko programu ndogo ya kuiuliza stoo kila baada ya dakika mbili, "Hali yako?" Jibu likiwa zuri, taa ya kijani inawaka kwenye kioo. Likiwa baya, au lisipokuja, inawaka nyekundu. Bosi aliipenda sana taa ile. Akataka aione na yeye Arua, kwenye simu yake, na akawa anawaonyesha wageni kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. Tatizo ni kwamba mvua ikinyesha upande wa Lurujo, mnara unayumba, jibu moja linapotea na taa inageuka nyekundu kwa dakika mbili bila sababu yoyote ya maana. Hapo bosi ananipigia simu. "Kwa nini nyekundu? Kuna nini nyekundu?" Siku moja alipiga mara tisa. Ya tisa nilimjibu vibaya, sitaandika nilichosema.

Basi nikairekebisha programu. Nikaiambia: ukikosa jibu zuri, usipige kelele, uliza tena papo hapo; nyekundu iwashe la pili nalo likikosekana. Jibu la mwisho ndilo la kweli. Kuanzia hapo taa ikatulia na bosi akatulia, na mimi nikaona nimefanya jambo la busara.

Yule mama alikuja siku ya soko. Mimi nilikuwa Koboko siku hiyo kukagua nyaya, na mhudumu wetu alikuwa mgonjwa, kwa hiyo nilimpokea mwenyewe. Alikuwa anauza bamia kavu ya kusaga, na harufu yake iliingia naye. Alikuwa na msalaba mdogo wa mbao shingoni na simu iliyopasuka kioo, betri imevimba hadi mfuniko umefungwa kwa raba. Nikamkaribisha, tukasalimiana kama inavyopasa: habari ya nyumbani, mzuri, habari ya watoto, mzuri, habari ya kazi, mzuri tu. Ndipo akaniambia kwamba mtoto wake wa kike alipotea akiwa na miaka mitatu.

Walikuwa wanakimbia vita kutoka upande wa Yei, Sudan Kusini. Yeye alimbeba mdogo mgongoni na kumshika mkubwa mkono. Yule wa katikati alipandishwa kwenye baiskeli ya shemeji yake. Asubuhi risasi zikalia, watu wakatawanyika porini. Shemeji alipatikana amekufa. Baiskeli haikuonekana, mtoto hakuonekana. Shemeji huyo ndiye aliyempiga mtoto picha Krismasi ile, mbele ya kanisa, akamrushia mama kwenye simu. Simu ya shemeji ilikwenda na waliomuua. Picha iliyobaki duniani ilikuwa hii, ndani ya simu hii iliyofungwa raba.

"Dada, simu hii iko nakufa," alisema. "Nataka kubadilisha na ingine kule sokoni. Lakini naogopa picha."

"Usiogope, mama. Kwanza tuiingize stoo."

Nikaunganisha waya. Picha ikaenda vipande vipande: nzuri, nzuri, nzuri, hadi cha mwisho. Kompyuta ya Koboko, kwa jinsi tulivyoipanga, ikafuta nakala yake palepale, maana pale wezi waliwahi kuingia na hatutaki picha za watoto zizagae. Kabla sijachomoa waya, taa ikageuka nyekundu. Nikapiga simu Arua, wakaniambia umeme umekatika. Kwetu hilo si jambo la kumshtua mtu.

Hapa naomba nisifiwe kidogo, kwa sababu sitasifiwa tena. Sikuigusa simu ya mama. Nilimwambia, "Tungoje taa irudi kijani, ndiyo tuwe na uhakika." Nikamtengenezea chai, akanipa pakiti ya bamia kama zawadi, tukakaa tunaiangalia ile taa sisi wawili. Alinihadithia jinsi mtoto alivyokuwa mkaidi, anavyokataa kuvaa viatu. Baada ya nusu saa taa ikawaka kijani.

"Umeona?" nikamwambia. "Kijani. Imeingia salama."

"Asante Mungu," alisema, na akapiga makofi mara moja kama mtoto.

Kisha nikamhubiria. Nikamwambia si vizuri kumpa mtu wa sokoni simu yenye picha ya binti yako, hujui ataifanyia nini. Akakubali kila neno. Nikaifuta simu. Tena sikufuta kwa kubonyeza tu kama watu wanavyofanya. Nilifuta kwa namna isiyorudishika, kwa sababu kazi yangu naijua. Alipoipokea aliigeuzageuza mkononi.

"Sasa mtoto iko wapi?"

"Iko Arua, mama. Iko salama kuliko mimi na wewe."

Baada ya hapo alikuwa anapita ofisini karibu kila wiki, na nikiwepo ananiuliza, "Picha iko?" Nami nasema, "Iko." Nisipokuwepo anamuuliza mhudumu, naye anaangalia taa na kusema iko. Jina la mtoto lilikuwepo kwenye orodha, tarehe ilikuwepo, ukubwa wa faili ulikuwepo. Hakuna aliyeifungua. Kwa nini mtu afungue? Miezi ikapita hivyo, mwaka ukageuka.

Kisha ikaja barua kutoka ofisi nyingine, mbali, ng'ambo ya mpaka. Kuna msichana kwenye kituo cha watoto. Jina lake halisi halijui, ila anakumbuka baiskeli. Anakumbuka kanisa. Umri unaelekeana. Waliomba picha ili walinganishe, na waliomba haraka, kwa sababu kituo kilikuwa kinafungwa na watoto wanahamishwa. Jamani, nilivyoruka! Nilimpigia mama simu kabla sijafungua faili. Ya Rabi, kabla sijafungua. Nikamwambia, "Mama, huenda." Nilimsikia akiwaita watu wa soko kwa sauti, sijui alikuwa anawaambia nini kwa Kiarabu chao, lakini walipiga vigelegele.

Nikafungua faili. Kilikuja kioo cha kijivu. Hakuna kanisa, hakuna mtoto. Nikafunga, nikafungua. Kijivu.

Siku tatu nilikaa na ile stoo. Nilitoa diski moja moja, nikasoma kila kona yake, nikamfokea bosi alipoleta chakula. Nilichogundua kwanza kilikuwa betri. Stoo ina betri ndogo ya ndani, kwa sababu ikipokea kitu hukishika kwanza mkononi, inajibu "nzuri", halafu ndipo inakiweka kwenye diski kwa wakati wake. Umeme ukikatika, betri inakishikilia kile kilichomo mkononi hadi umeme urudi. Betri ile ilikuwa imekufa. Na haikufa kimya. Stoo ilikuwa inalia pii, pii, pii kwa wiki kadhaa. Lakini Arua kila ofisi ina kitu kinacholia pii umeme ukiyumba, na sisi sote tumeota sugu masikioni. Nilikuwa napita, nabonyeza kitufe cha kuinyamazisha, naendelea na shughuli zangu.

Hata hivyo betri haikutosha kueleza. Mashine iliyopoteza kitu hujua kwamba imepoteza, na huwa inasema. Siku ya tatu, mchana, nikafungua kumbukumbu za programu yangu mwenyewe, zile zinazoandika kila swali na kila jibu, nikarudi hadi ile siku ya soko, ile nusu saa ya chai. Nikaona mistari minne. Kwa lugha ya watu ilisomeka hivi. Hali yako? Sikiliza kwanza: nilizimika, na nilichokuwa nimeshika mkononi hakikufika kwenye diski. Hali yako? Nzuri.

Kati ya swali la kwanza na la pili palikuwa na sekunde moja.

Huo ndio utaratibu wa mashine hizi, na nilifundishwa darasani, tena niliupata kwenye mtihani. Likiipata jambo, stoo humwambia aliyeuliza wa kwanza, kisha inahesabu kwamba taarifa imefika, inafuta, na kurudi kwenye "nzuri". Haitarudia. Aliyeambiwa ndiye mwenye jukumu la kutuma upya kile kilichopotea. Na aliyeambiwa ilikuwa programu yangu, niliyoiambia kwamba jibu baya si kitu, uliza tena, la mwisho ndilo la kweli. Ikauliza tena kwa adabu, ikajibiwa kwa adabu, ikawasha kijani. Picha wakati huo ilikuwa ingali kwenye simu ya mama, sentimita chache kutoka mkononi mwangu.

Nimejiuliza mara nyingi ni wapi nililitoa wazo lile, kwamba jibu la mwisho ndilo la kweli. Nililitoa kwetu. Kwetu huwezi kumpokea mtu kwa habari mbaya. Unaulizwa habari, unasema mzuri. Unaulizwa ya nyumbani, mzuri. Hata kama umetoka kuzika, unasema mzuri mara tatu nne, na ukweli unakuja mwishoni, watu wakishakaa na maji yakishanywewa. Mtoto anayeanza kwa kusema "baba amekufa" anaambiwa hana malezi. Nimekua nikijua kwamba jibu la kwanza ni la heshima tu, usilitegemee, ngoja la mwisho. Stoo haikuzaliwa Koboko. Yenyewe inasema ukweli kwanza, mara moja, halafu ndipo inakuwa na adabu.

Bosi aliniambia niandike kwenye ripoti "hitilafu ya kiufundi" na tusonge mbele. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema, "Basi nenda wewe ukamwambie." Nikaenda.

Nilimkuta mama sokoni nyuma ya bamia yake. Amevaa gauni jipya. Wenzake walinijua mimi ni nani, wakasogea wanisalimie, na mimi huyu, ninayejua ninachojua, nikaanza. Habari, mama? Mzuri. Habari ya watoto? Mzuri. Na yeye akaniuliza, habari ya Arua? Nikasema mzuri. Habari ya kazi? Mzuri. Nilisikia ulimi wangu ukisema na nikashindwa kuusimamisha. Nilipomaliza zote nikamwambia picha haipo.

"Lakini taa ilikuwa kijani," alisema. "Mimi naliona na macho yangu."

"Taa ilidanganya, mama. Mimi ndiye niliyeifundisha kudanganya."

Alikuja mteja, akampimia kikombe kimoja cha bamia, akamfungia. Kisha akasema tuitafute ile simu ya zamani. Tulizunguka vibanda vya simu vya Koboko hadi tukaipata kwa fundi mmoja, ndani ya boksi la vipuri, raba bado iko. Fundi alitupatia bure. Niliipeleka Arua, nikajaribu kila ninachokijua na kila ninachokisikia kwa watu. Simu ilikuwa tupu kabisa. Nilikuwa nimeifuta vizuri.

Tuliwaandikia wale wa ng'ambo kwamba picha hatuna, na mama hana karatasi za kuvuka mpaka aje mwenyewe. Tukawatumia maneno badala yake: msichana, mkaidi, hapendi viatu. Wakajibu kwamba wanasikitika, kwamba wasichana wa namna hiyo ni wengi. Baadaye wakajibu tena kwamba yule msichana amechukuliwa na mwanamke mwingine, aliyekuja na picha yake, na kamati ikaridhika inafanana. Huenda alikuwa mama yake kweli. Baiskeli zilikuwa nyingi barabarani wakati ule, na makanisa pia. Nami nimebaki na huenda hiyo, na mama amebaki nayo, na hakuna mashine duniani ya kuituma upya.

Programu nimeirekebisha. Sasa jibu la kwanza likiwa baya linaandikwa, linawasha nyekundu, na nyekundu haizimiki hadi mtu atie jina lake kwamba amesoma. Betri ni mpya. Bosi ananipigia simu mara tisa kwa siku na namjibu kila mara. Wageni walisema mfumo wetu ni wa kuigwa. Nilitoka nje ya kikao nikalia chooni, na nikaupiga mlango teke hadi bawaba ikang'oka.

Mwezi uliopita mama alikuja Arua. Ameacha biashara ya soko, sasa analima shamba la watu kule Ajia, na mikono yake imebadilika. Nilidhani amekuja kuuliza kama kuna barua. Nikaanza kumwambia hakuna, akanizuia kwa mkono. Alikaa kwenye kiti changu, si cha wageni, akazungumza kwa sauti ya chini ili waliokuwa mapokezi wasisikie.

"Dada, nataka kuuliza kitu. Usinicheke."

"Siwezi kukucheka, mama."

"Sura yake inanipotea. Nafunga macho, gauni napata. Ukuta wa kanisa napata. Sura hapana iko. Baba yake alikufa zamani. Mkubwa wake amesahau. Shemeji alikufa. Watu wenye naliangalia ile picha, tumebaki mimi na wewe." Akainama mbele. "Wewe nalikaa nayo. Niambie, alikuwa namna gani?"

Nilitafuta. Wallahi nilitafuta kichwani mwangu mahali pote. Siku ile picha ilikuwa imejaa kioo kizima cha kompyuta, na mimi nilikuwa naangalia vipande vikihesabika pembeni. Vilikuwa mia mbili na kumi na nne. Hiyo naikumbuka. Sikukumbuka kama nywele zilikuwa zimesukwa, sikukumbuka kama alikuwa anacheka au amenuna. Sikuwa nimemwangalia. Lakini mama alikuwa ameinamia mbele, anangoja, na sikuweza kumwambia hilo nalo.

"Alikuwa mzuri, mama," nilisema. "Alikuwa na macho kama yako."

Nilitamani akasirike.

"Hapana," alisema. "Macho ilikuwa ya baba yake. Hiyo moja bado nakumbuka."